Mtandao umetanda, lakini unabeba? Ufuko wa Ziwa Mweru na mipaka ya mawasiliano yasiyo na waya

Kwenye ufuko wa mashariki wa Ziwa Mweru, kaskazini mwa Zambia, kuna hali ambayo wakazi wengi wa vijijini katika Afrika Mashariki na Kati wataitambua bila kuelezwa: mnara unaonekana kwa macho, simu inaonyesha mistari yote ya mawimbi, salio lipo, lakini muamala wa pesa hauendi. Unazunguka, unasubiri, kisha unarudi na ujumbe wa kumtaka mteja ajaribu tena baadaye.

Mununga ni miongoni mwa makazi ya ufuko huo, kaskazini mwa mji wa Nchelenge. Uchumi wake unategemea ziwa, na hasa chisense, samaki wadogo wanaofanana na dagaa, ambao huvuliwa usiku kwa mwanga wa taa na kuanikwa juani. Ng'ambo ya maji ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, yenye miji ya Pweto na Kilwa (jina lake ni sawa na la Kilwa ya pwani ya Tanzania, lakini ni mji mwingine), ambako Kiswahili ni lugha ya soko. Katika muda usiozidi kizazi kimoja, biashara ya ziwa hili imehamia kwenye simu: bei huulizwa kwa simu, gari la mizigo huitwa kwa simu, na malipo hufanywa kwa simu. Samaki mbichi hasubiri. Muamala ukichelewa saa tatu, mvuvi huuza kwa bei anayotajiwa na mnunuzi mwenye fedha taslimu mkononi.

Jibu linalotolewa mara nyingi na wanasiasa na kampuni ni moja: minara zaidi. Jibu hilo lina ukweli, lakini ni nusu ya ukweli. Nadharia ya mawasiliano, iliyojengwa kwa zaidi ya miaka 70, inaonyesha kwamba mtandao usio na waya una kikomo cha kubeba, na kwamba kikomo hicho hakiondolewi kwa kusimika nguzo tu. Kinachoamua ni watu wangapi wanagawana hewa moja, na kuna nini nyuma ya nguzo hiyo.

Lalamiko moja, hitilafu tatu

Neno "mtandao" linatokana na kitenzi kutanda, yaani kuenea na kufunika. Wingu hutanda, giza hutanda, na mawimbi ya simu pia hutanda. Upande wa Kongo wengi husema "rezo", neno lililotoka kwenye Kifaransa; upande wa Zambia husikika "netiweki". Lalamiko ni lile lile kwa lugha zote: hakuna mtandao.

Anayefasiri taarifa za kampuni za simu kwa Kiswahili hukutana na ugumu hapa. Wahandisi hutenganisha mambo mawili, kuenea kwa mawimbi na uwezo wa mawimbi hayo kubeba mazungumzo na data. Katika Kiswahili cha kila siku yote mawili huitwa mtandao. Matokeo yake ni kwamba kampuni inaweza kutangaza, bila kusema uongo, kuwa eneo fulani "lina mtandao", na mkazi wa eneo hilo akajibu, naye bila kusema uongo, kuwa hakuna.

Lalamiko hilo moja huficha hitilafu tatu zilizo tofauti. Ya kwanza ni mawimbi kutofika kabisa. Ya pili ni mawimbi kufika, lakini nafasi ya hewani kujaa watumiaji. Ya tatu ni hewa kuwa na nafasi, ila njia inayotoka mnarani kwenda kwenye mitambo mikuu ya kampuni ikawa nyembamba. Mnara mpya hutibu hitilafu ya kwanza vizuri, hutibu ya pili kwa masharti, na ya tatu unaweza hata kuizidisha.

Hewa ina kiasi chake

Mwaka 1948, Claude Shannon, mtaalamu wa hisabati katika maabara za Bell nchini Marekani, alichapisha maandiko yaliyoweka msingi wa mawasiliano yote ya kisasa. Alionyesha kuwa njia yoyote ya mawasiliano ina kiwango cha juu cha taarifa inachoweza kupitisha bila makosa. Kiwango hicho hutegemea mambo mawili: upana wa masafa yanayotumika, na nguvu ya mawimbi ikilinganishwa na kelele zinazoyazunguka. Ukiongeza upana mara mbili huku nguvu ikilinganishwa na kelele ikibaki ile ile, uwezo huongezeka mara mbili. Lakini ukiongeza nguvu peke yake, faida hupungua haraka: mawimbi yakiwa tayari na nguvu, kuongeza nguvu hiyo mara mbili huleta nyongeza ndogo tu ya uwezo.

Hebu tuchukue mfano. Kampuni ya simu ina chaneli ya 4G yenye upana wa megahezi 10. Matangazo huzungumzia kasi ya kilele, lakini kwa hali halisi, wakiwemo watumiaji wa karibu na wa mbali, sekta moja ya mnara yenye chaneli ya namna hiyo hubeba kwa wastani megabiti 15 hivi kwa sekunde. Kiasi hicho si cha kila mtu, ni cha wote walio kwenye sekta hiyo kwa pamoja. Video ya kawaida huhitaji takribani megabiti moja kwa sekunde, kwa hiyo watazamaji 15 wanatosha kuimaliza sekta nzima. Watu 300 wakiwa hewani kwa wakati mmoja na kugawana sawasawa, kila mmoja hupata kilobiti 50 kwa sekunde, kiasi ambacho ukurasa wa kawaida wa intaneti wa leo hufunguka kwa tabu.

Msomaji anaweza kuuliza: muamala wa pesa kwa simu ni mdogo mno, kwa nini nao ukwame? Huduma nyingi za pesa kwa simu zinazofunguliwa kwa kupiga namba yenye nyota na alama ya reli hutumia mfumo uitwao USSD, ambao ujumbe wake hauzidi herufi 182. Uzito huo ni mdogo kweli. Lakini kwenye mitandao ya kizazi cha pili, kikao kimoja cha USSD hushikilia njia ndogo ya udhibiti, ile ile ambayo simu hutumia kuomba kupiga, kupokea au kutuma ujumbe mfupi. Njia hizo ni chache. Boti zinaporejea alfajiri na mamia ya watu wakaanza kupiga, kuuliza salio na kulipa ndani ya nusu saa moja, hujaa kabla ya njia za sauti kujaa. Anayeshindwa hujaribu tena mara tatu, mara nne, na kila jaribio huongeza foleni.

Ziwa halina mahali pa kusimika mnara

Jiografia ya Mweru huongeza ugumu wake. Ziwa hili lina urefu wa takribani kilomita 130, eneo la zaidi ya kilomita za mraba 5,000, na kwenye sehemu zake pana huzidi kilomita 40 kutoka ufuko hadi ufuko. Maji hayana milima wala miti ya kuzuia mawimbi, jambo ambalo lingekuwa neema, isipokuwa dunia ni mviringo. Kwa kanuni inayotumiwa na wahandisi wa redio, antena iliyo juu ya mnara wa mita 60 na simu iliyo mkononi mwa mtu aliyeketi ndani ya mtumbwi huonana hadi umbali wa kilomita 37 hivi. Zaidi ya hapo mgongo wa maji huingia kati.

Teknolojia ya kizazi cha pili ina mpaka wake pia. Mfumo wa GSM huhesabu muda ambao mawimbi huchukua kwenda na kurudi, na kwa mpangilio wake wa kawaida hauwezi kumhudumia mtu aliye mbali zaidi ya kilomita 35, hata kama mawimbi yanamfikia. Simu za 4G zinaweza kuvuka umbali huo kwa kanuni, lakini hutoa nguvu ndogo, isiyozidi robo ya wati. Mnara humfikia mvuvi kwa urahisi kuliko mvuvi anavyoufikia mnara.

Kuna jambo jingine lisiloonekana. Mtumiaji aliye mbali hupokea mawimbi dhaifu, hivyo mfumo humtumia taarifa polepole ili zisiharibike. Ujumbe ule ule ambao kwa aliye sokoni huchukua sehemu ndogo ya sekunde, kwa aliye katikati ya ziwa unaweza kuchukua muda mara kadhaa ya huo, na muda huo hukatwa kwenye fungu la wote. Kadiri mnara unavyojitahidi kutanda mbali, ndivyo unavyobeba kidogo. Mipango inayosifia idadi ya kilomita zilizofikiwa haigusii gharama hii.

Kisha kuna mpaka wa nchi. Mawimbi ya masafa ya chini, yanayosafiri mbali juu ya maji, hayaoni mstari uliochorwa katikati ya ziwa. Simu ya Mununga inaweza kunasa mnara wa Kongo na kinyume chake, na minara miwili inayotumia masafa yale yale huharibiana. Ndiyo sababu mamlaka za mawasiliano za nchi mbili, ZICTA ya Zambia na ARPTC ya Kongo, hazina budi kupatana kuhusu nani atumie masafa gani na kwa nguvu kiasi gani karibu na mpaka. Kila megahezi inayoachwa wazi ili kuepuka muingiliano ni megahezi isiyombebea mtu chochote.

Penye wengi

Methali ya Kiswahili husema penye wengi hapaharibiki neno. Katika mawasiliano ya redio mambo huenda kinyume, na wataalamu wawili walilithibitisha hilo kwa hisabati.

Mwezi Machi mwaka 2000, Piyush Gupta na P. R. Kumar wa Chuo Kikuu cha Illinois nchini Marekani walichapisha utafiti kuhusu uwezo wa mitandao isiyo na waya. Wakati huo kulikuwa na matumaini makubwa kwamba simu na kompyuta zingeweza kuunganishana zenyewe, kila kifaa kikipokea ujumbe na kumpasia jirani, bila mnara wala kampuni. Kwa maeneo ya vijijini wazo hilo lilivutia sana: kila anayenunua kifaa angekuwa ameongeza mtandao.

Gupta na Kumar waliuliza swali rahisi. Vifaa vikiwa vingi katika eneo moja, na kila kimoja kikitaka kuwasiliana na kingine popote kilipo, fungu la kila kifaa litakuwa kiasi gani? Jibu lao halikuwa la kufurahisha. Kifaa kinaposema, majirani zake lazima wanyamaze. Kikipaza sauti ili kifike mbali, kinanyamazisha wengi. Kikinong'ona ili kisiwasumbue wengi, ujumbe wake hulazimika kupokezwa mkono kwa mkono mara nyingi kabla ya kufika, na kila upokezano hula fungu la wengine. Hata kwa mpangilio bora kabisa, fungu la kila mmoja hupungua kadiri idadi inavyoongezeka, kwa kufuata kipeuo cha pili cha idadi hiyo. Vifaa vikiongezeka kutoka 100 hadi 10,000, yaani mara 100, fungu la kila kimoja hushuka mara kumi au zaidi. Sehemu kubwa ya kazi ya kila kifaa huwa ni kubeba mizigo ya wengine.

Matokeo hayo hayakufunga mjadala. Watafiti waliofuata walitafuta milango ya kutokea, na mitatu kati yake inauhusu moja kwa moja ufuko wa Mweru.

Mlango wa kwanza ni waya. Mwaka 2003, Benyuan Liu, Zhen Liu na Don Towsley walichambua mtandao ambao ndani yake kuna vituo vilivyounganishwa kwa waya wenye uwezo mkubwa. Waligundua kuwa vituo vichache havisaidii sana. Ili faida ionekane kweli, idadi yake lazima iongezeke kwa kasi kuliko kipeuo cha pili cha idadi ya watumiaji. Mnara mmoja mmoja unaoongezwa kila baada ya miaka kadhaa, huku watumiaji wakiongezeka kila mwezi, haufikii kizingiti hicho.

Mlango wa pili ni ujirani. Kama wengi wanawasiliana na watu wa karibu, ujumbe hauhitaji kuvuka mtandao mzima, na fungu la kila mmoja halishuki kwa kasi ile.

Mlango wa tatu ni subira. Matthias Grossglauser na David Tse walionyesha, mwanzoni mwa miaka ya 2000, kwamba kama wenye vifaa wanatembea, na kama ujumbe unaweza kungoja hadi mbebaji wake amkaribie mlengwa, fungu la kila mmoja linaweza kubaki bila kupungua hata idadi ikiongezeka. Wakazi wa kanda hii hawakuhitaji hisabati kulijua hilo. Kwa miaka mingi muziki na filamu vimesambaa Afrika Mashariki na Kati kwa kadi za kumbukumbu zinazosafirishwa mfukoni, ndani ya basi au boti, bila kugusa mnara hata mmoja.

Mnyororo wa minara

Inaweza kudhaniwa kuwa nadharia ya vifaa vinavyopokezana haiwahusu wateja wa kampuni za simu, kwa kuwa simu zao huongea na mnara moja kwa moja. Lakini tatizo lile lile hurudi ngazi moja juu. Mahali ambako mkongo wa mawasiliano haujafika, mnara huunganishwa na mnara mwingine kwa mawimbi ya maikrowevu, na huo na mwingine, hadi kufikia mji wenye mkongo. Barabara ndefu ya ufukoni, yenye makazi yaliyopangwa kama shanga, hualika mpangilio wa namna hiyo.

Katika mnyororo kama huo, kiungo kilicho karibu na mji hubeba mzigo wa minara yote iliyo nyuma yake. Tuseme kina uwezo wa megabiti 200 kwa sekunde na nyuma yake kuna minara minane: hesabu ya mgao ni megabiti 25 kwa kila mnara, hata kama kila mmoja hewani una uwezo wa megabiti 45. Ukiongeza mnara wa tisa mwishoni mwa barabara, wakazi wa huko watashangilia kupata mawimbi kwa mara ya kwanza, na wale wa minara minane wataona kasi yao imeshuka. Kiungo kimoja kikizimika, wote walio nyuma yake hukatika pamoja.

Serikali ya Zambia imewekeza sana katika kusimika nguzo. Awamu ya pili ya mradi wake wa minara ya mawasiliano, uliotekelezwa na kampuni ya Huawei ya China, ilipangwa kuwa na minara 1,009 nchini kote. Kwa vijiji ambavyo havikuwahi kuwa na mawimbi, hatua hiyo ni kubwa na haipaswi kubezwa. Lakini idadi ya minara haielezi ni mingapi kati yake imeunganishwa na mkongo, wala kiungo kinachoibeba kina uwezo gani.

Funzo kutoka Macha

Zambia yenyewe ina mfano uliofanyiwa utafiti wa karibu kuliko sehemu nyingi za vijijini barani Afrika. Katika kijiji cha Macha, wilaya ya Choma, Mkoa wa Kusini, jamii ilijenga mtandao wake wa ndani usio na waya, uliounganisha hospitali, taasisi na nyumba za jirani. Njia yake ya kutoka nje ilikuwa setilaiti yenye uwezo wa kilobiti 256 kwa sekunde, iliyogawanywa kwa watumiaji wote.

Mwaka 2011 Macha iliunganishwa kwa njia ya ardhini yenye megabiti mbili kwa sekunde, karibu mara nane ya uwezo wa awali. Watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, walioufuatilia mtandao huo walichapisha matokeo yao mwaka 2013, chini ya kichwa kilichouita uongezaji wa uwezo peke yake dhana potofu. Mwanzoni huduma iliboreka. Kisha watumiaji walibadilika: walifungua kurasa nzito zaidi na kutumia picha na video zaidi, na baada ya muda foleni ilirejea.

Si kwamba wakazi wa Macha walikosea. Walifanya kile ambacho mtu yeyote hufanya anapopanuliwa njia. Funzo ni kwamba uwezo mpya hujenga mahitaji mapya, na anayepanga kwa kuangalia matumizi ya leo atakuwa amepanga kwa ajili ya jana. Watafiti hao hao waliona pia kwamba wakazi wengi walikuwa wakiwasiliana wao kwa wao, ujumbe ukipanda hadi angani na kurudi ili kumfikia mtu wa nyumba ya pili. Walijaribu mfumo wa kubadilishana mafaili ndani ya kijiji, na kuahirisha mafaili makubwa yapandishwe usiku njia ikiwa tupu. Milango ile miwili ya nadharia, ujirani na subira, ilikuwa imepata sura ya vitendo.

Je, setilaiti zitamaliza tatizo?

Tangu Starlink ilipoanza kutoa huduma Zambia mwezi Oktoba 2023, jibu linalosikika zaidi ni kwamba minara imepitwa na wakati. Kwa shule, zahanati au kituo cha mnunuzi wa samaki ufukoni, sahani ya setilaiti ni mkombozi halisi: haihitaji mnyororo wa maikrowevu wala mkongo.

Hata hivyo, anga nalo ni hewa ya pamoja. Setilaiti huelekeza mwale wake kwenye eneo fulani la ardhi, na sahani zote zilizo ndani ya eneo hilo hugawana uwezo wa mwale huo. Kenya ililiona hilo mapema. Mwezi Novemba 2024, chini ya miaka miwili tangu izindue huduma nchini humo, Starlink ilisitisha kupokea wateja wapya Nairobi na kaunti za jirani kwa sababu uwezo wake katika eneo hilo ulikuwa umejaa. Wateja wapya walirejea kupokelewa mwaka 2025.

Kijiji cha ufukoni kina nafuu kwa sababu wenye sahani ni wachache. Nafuu hiyo ni ya uchache wenyewe; ikienea, itapungua. Setilaiti inafaa zaidi kama mgongo wa mnara au wa kituo cha pamoja mahali ambako mkongo hauwezi kufika kwa haraka.

Idadi inapopanda ghafla, umeme unapokatika

Sensa ya mwaka 2010 ilihesabu watu milioni 13.1 nchini Zambia. Ile ya 2022 ilihesabu milioni 19.6. Mtandao uliopangwa kwa hesabu ya kwanza unabeba ya pili. Na katika ufuko wa Mweru ongezeko halikuja polepole tu. Kuanzia mwishoni mwa Agosti 2017, mapigano kusini mashariki mwa Kongo yaliwasukuma watu zaidi ya 10,000 kuvuka na kuingia wilaya ya Nchelenge, kwanza katika kituo cha muda cha Kenani, kisha, kuanzia Januari 2018, katika makazi ya Mantapala.

Kwa mkimbizi, simu ni njia ya kumtafuta ndugu aliyepotea, kupokea msaada na kujua kama nyumbani kumetulia. Kwa mhandisi wa mtandao, maelfu ya watu wapya mahali pamoja ni mzigo ambao hakuna mpango uliouona. Wenyeji na wakimbizi hujikuta wakigombea njia zile zile, bila upande wowote kuwa na kosa.

Ukame wa mwaka 2024 ulionyesha udhaifu mwingine. Rais Hakainde Hichilema alitangaza janga la kitaifa tarehe 29 Februari mwaka huo, na kina cha maji Kariba kiliposhuka, mgao wa umeme ulifika zaidi ya saa 17 kwa siku katika maeneo mengi. Mnara usio na umeme huishi kwa betri na jenereta. Betri zikiisha na mnara ukazimika, wateja wake husukumwa kwenye mnara jirani, ambao nao huelemewa. Hivyo tatizo la umeme hugeuka kuwa tatizo la uwezo, hata kwa yule ambaye mnara wake haukuzimika.

Nini kipimwe?

ZICTA, iliyopewa mamlaka na Sheria ya Teknolojia ya Habari na Mawasiliano Namba 15 ya mwaka 2009, ina wajibu wa kusimamia ubora wa huduma. Katika mazingira ya Mununga, mjadala wa maana zaidi unahusu kinachohesabiwa. Asilimia ya watu "waliofikiwa na mtandao" hupima kutanda. Haisemi chochote kuhusu saa moja asubuhi sokoni.

Vipimo vinavyogusa maisha vipo na havihitaji uvumbuzi mpya. Cha kwanza ni asilimia ya miamala ya pesa inayokamilika kwa jaribio la kwanza katika saa yenye msongamano mkubwa, ikitangazwa kwa kila wilaya badala ya wastani wa taifa ambao Lusaka huubeba. Cha pili ni uwezo wa kiungo kinachounganisha kila mnara na idadi ya minara inayokitegemea. Cha tatu ni saa ambazo mnara ulikuwa hewani kwa mwezi.

Vipimo hivyo vikiwa hadharani, mpangilio wa matumizi ya fedha hubadilika. Kilomita 60 za mkongo, ambazo hazina hafla ya uzinduzi inayopendeza kwenye picha, zinaweza kuwa na faida kuliko nguzo tatu mpya. Seva ndogo iliyowekwa mkoani inaweza kuhifadhi video na masasisho ya programu yanayoombwa mara elfu, badala ya kila ombi kusafiri hadi mji mkuu na kurudi. Mafaili mazito ya zahanati na shule yanaweza kupangiwa usiku. Na kampuni zinaweza kutumia mnara na kiungo kimoja kwa pamoja mahali ambako kila moja ikijenga peke yake zote hubaki na njia nyembamba.

Yote hayo yana gharama, na kampuni zina hoja ya haki kwamba mapato ya mteja wa ufukoni ni madogo. Lakini mvuvi anayepoteza nusu ya bei ya samaki kwa sababu malipo yamekwama tayari anaigharimia hali hiyo, ila gharama yake haiandikwi katika hesabu za mtu yeyote. Shannon, Gupta na Kumar wametueleza kwamba hewa haitoshi kumpa kila mtu kila anachotaka kwa wakati mmoja. Hawakutueleza nani asubiri. Uamuzi huo hufanywa leo na msongamano wenyewe, ambao humtanguliza aliye karibu na mnara na mwenye simu yenye nguvu. Serikali na wadhibiti wa pande mbili za Mweru wana uwezo wa kuamua vinginevyo, kwa mfano kwamba malipo ya samaki na simu ya kumwita mkunga vipite kabla ya video.